Boti Huharibikia Nchi Kavu

Ujumbe huu uliniingia wiki ile ile Ziwa Tanganyika lilipofunguliwa tena kwa uvuvi, kutoka kwa kijana wa Ujiji: "Shikamoo kaka. Mwenzio nimekwama. Boti niliiegesha juu ya trela chini ya mwembe tangu Mei. Leo naivuta, tairi la kushoto limegoma kuzunguka, linaburuzwa tu. Mashine nayo inawaka, inazima. Jamaa wananiambia niiuze nitafute nyingine. Unanishauri nini?"

Marahaba, mdogo wangu. Mashine usiuze. Kwa maelezo yako hiyo ina petroli ya Mei imeganda kwenye kabureta, na hilo ni suala la kusafisha tu. Kilichokukwamisha ni trela, na trela ndicho kitu ambacho sisi wavuvi wa starehe wa Kigoma hatukijulii hali mpaka kituadhiri barabarani.

Kwa ambao hatufahamiani: riziki yangu ni duka la vifaa vya ujenzi Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini, ziwani naenda kwa mapenzi. Nina boti ndogo ya faiba, mashine ya Yamaha, na fimbo za kuvulia ambazo mke wangu keshazoea kuziona sebuleni. Ninachokitaka ndicho mnachokitaka na ninyi: niwe majini kabla jua halijapanda vilima vya nyuma ya mji, naburuza chambo taratibu nikimtafuta kuhe, yule anayetajwa kuwa mkubwa kuliko wote katika ukoo wa perege na sato, ambaye humvui kwenye ziwa lingine lolote duniani. Anayevua kwa riziki boti yake inalala mwaloni, Kibirizi au Katonga, watu wanaizunguka usiku na mchana. Za kwetu zinapanda mlimani kulala majumbani. Kwa hiyo uhai wake umesimama juu ya magurudumu mawili.

Na tangu mwaka 2024, ziwa lilipoanza kupumzishwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, boti hizo zinakaa nchi kavu miezi mitatu mfululizo, tena katikati ya kiangazi. Mimi na wenzangu hatuna mjadala juu ya hilo: dagaa na migebuka wakipumzika, fimbo zetu nazo zinapumzika. Lakini miezi hiyo ndiyo inayoua boti. Ikiwa majini, ikivuja unaona na unaziba. Ikiwa uani unapita kando yake kila asubuhi ukienda kazini, unaamini iko salama, kumbe ndani ya habu, kile kitovu cha gurudumu, kutu inakula.

Mimi somo hili nililipata barabarani, na liliniuma. Miaka kadhaa iliyopita nilimpelekea trela langu fundi mmoja wa mjini, mtu mwenye sifa, gereji yake haikosi magari. Nikamwambia: badilisha beringi zote nne, zile gololi zinazozungusha gurudumu, na sili zote mbili zinazozuia maji yasiingie kwenye habu, hela hii hapa. Sikubakiza deni hata la soda. Jioni nikalifuata, nikakuta habu zimepakwa grisi mpya kwa nje, zinang'aa. Alfajiri ya Jumamosi nikashuka na marafiki wawili kutoka Mwanga kuelekea ziwani. Tukiwa mteremkoni nikasikia chuma kinasaga chuma, kisha harufu ya kuungua. Sijakanyaga breki vizuri, naona tairi linatupita upande wa kushoto, peke yake, linateremka mbele ya taa zetu. Likaruka mtaro, likaenda kujigonga kwenye ukuta wa duka. Nyuma yetu ekseli imelalia lami inatoa cheche, boti imeinama, na mkuku, ule uti wa chini wa boti, umesagika pale ulipogusa barabara, tundu la kuingiza kidole. Namshukuru Mungu njia ilikuwa tupu. Saa ile akina mama wa sokoni huwa wameanza kushuka na beseni zao kichwani.

Tulipozitazama zile beringi zilizobaki, zilikuwa zile zile za zamani, namba zake zimefutwa na kutu. Fundi akakana mbele za watu. Akasema mimi ndiye niliyeharibu kazi yake kwa kuzamisha trela majini. Trela la boti, jamani, lisizamishwe majini? Hela hakurudisha mpaka leo. Tunapishana sokoni ananisalimia vizuri kabisa, nami namwitikia, lakini sijasahau.

Aliyenitoa kwenye hasira ile ni jirani yangu, mzee mstaafu wa reli. Alikuja na spana zake, akavuta kigoda, akaniambia, "Mwanangu, kuanzia leo kazi hii utaifanya kwa mkono wako." Akafungua habu ya kulia, ile iliyonusurika. Kifuniko kilipotoka, grisi iliyopaswa kuwa nzito ya kahawia ilikuwa imegeuka nyeupe, nyepesi, kama chai ya maziwa iliyopoa. Ikatiririka mpaka kwenye mikono yake. Akaosha beringi ya ndani kwa mafuta ya taa, akaifuta, akanipa. "Tazama rangi." Vile vigololi virefu vilikuwa na doa la bluu, alama ya chuma kilichopikwa na joto. "Sasa pitisha ukucha kwenye njia yake." Nikapitisha, ukucha ukakwama kwenye kijishimo kisichoonekana kwa macho. Akasema hapo beringi imeshakufa, hata ikizunguka leo, kesho itakuacha njiani.

Kisha akanieleza sababu, na hii ndiyo naomba uishike kuliko yote. Habu inapata joto ukiwa barabarani. Ukifika ziwani ukairudisha majini ikiwa bado ya moto, hewa iliyomo ndani inapoa ghafla, inasinyaa, na inavuta maji kupitia sili iliyochoka. Maji yakishaingia hayatoki. Trela likitembea kila wiki, joto na grisi vinayapunguza makali. Ukiliegesha Mei na kulirudia Agosti, maji yamepata muda wote yanaoutaka, na gololi zinashikana na njia yake kwa kutu. Ndiyo maana tairi lako la kushoto, mdogo wangu, limegoma.

Mzee huyo alikuwa na hadithi moja ambayo hakuchoka kuirudia, na kila ninapoiona MV Liemba naikumbuka. Meli ile Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande, wakaipakia hadi Dar es Salaam na kuileta kwa reli mpaka hapa Kigoma. Ikaingia majini mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Julai 1916, walipoona mji unawaponyoka, waliizamisha wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi wake walizipaka mashine grisi nzito kila mahali. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 mashine zile bado zilifaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Miaka na miaka chini ya maji! Mzee alikuwa anagonga habu yangu kwa spana akisema, "Wao waliipaka kabla. Kabla, mwanangu, si baada."

Basi mimi kazi yangu naifanya wiki ya kwanza ya Mei, ziwa likiwa bado wazi. Sisubiri Agosti, wakati mafundi wote wa mji wana foleni na maduka ya vipuri yamekaukiwa. Nanyanyua trela kwa jeki, natoa matairi, nafungua habu zote mbili. Beringi naiosha mpaka chuma kionekane, naikausha kwa kitambaa, siipulizii upepo wa kompresa ikizunguka. Grisi naweka kwenye kiganja cha kushoto, na kwa mkono wa kulia naikandamiza beringi kwa upande wake mpana, tena na tena, mpaka grisi mpya itokeze upande wa pili katikati ya gololi. Ukiipaka kwa juu tu umefanya ya yule fundi wangu. Tafuta grisi inayostahimili maji, na usiichanganye na ya zamani. Sili naweka mpya kila mwaka, hata kama ya zamani inaonekana nzima. Nati kubwa naikaza huku tairi linazunguka mpaka naona linakuwa zito, halafu nailegeza kidogo hadi tundu lioane na kota pini, ile pini inayozuia nati isijifungue. Kota pini nayo iwe mpya. Ile ya zamani ukishaikunja na kuikunjua imechoka.

Ekseli ya trela langu ni ya gari la mtumba, na hilo nalipendekeza kwa moyo wote, maana beringi zake unazipata Mwanga bila kuagiza Dar. Jambo jingine la chuma: ukichomelewa trela jipya, omba chaneli, chuma kilicho wazi upande mmoja, usikubali paipu za mraba. Paipu inaingiza maji kwenye kila tundu na haiyatoi, inaoza kutoka ndani huku rangi ya nje ikikudanganya. Kama ya kwako ni paipu, toboa vitundu vya kutolea maji sehemu ya chini kabisa. Kuna wanaosema maji yetu ni baridi, hayana chumvi kama ya Dar, hayaozeshi chuma. Waje nyumbani niwaonyeshe springi zangu za zamani, kutu ilivyozitenganisha pleti moja moja.

Boti yenyewe haitaki makuu. Toa kizibo cha nyuma, inua pua ili maji yote yatoke. Uzito usiachie rola mbili tu, faiba ikilaliwa sehemu moja miezi mitatu inabonyea, na boti yenye mbonyeo inavuta upande. Weka egemeo la mkuku sehemu tatu, na yawe matofali ya saruji yenye ubao juu yake, si magogo juu ya udongo mtupu. Mchwa wa huku wakipata gogo limetulia kiangazi kizima, utaikuta boti imelala ubavu. Matairi yaondolee uzito na uyafunike, jua la Julai linapasua mpira. Turubai lifungwe kwa kuachia hewa ipite. Na fyeka majani yote kuizunguka, kwa sababu ndiyo miezi ya moto wa nyika, na faiba ikishika moto haizimiki kirahisi.

Kuacha boti ufukweni mimi sishauri tena, hata kama kuna mlinzi. Tumeona wote miaka hii maji yalivyopanda yakafunika sehemu tulizokuwa tunaegesha. Na kiangazi ndio wakati wa upepo wa kusi, wimbi lake likipiga usiku halimuulizi mtu.

Mashine nitaipitia haraka, wengi mnaijua kuliko mimi. Chomoa mpira wa petroli uiache iwake mpaka izime yenyewe, kisha mwaga kilichobaki kwenye kabureta. Oili ya gia ifungue Mei: ikiwa na weupe, maji yameingia na una miezi mitatu ya kutafuta sili. Betri iende ndani. Na kile kitundu cha kutemea maji kizibe kwa kitambaa, kwa sababu nyigu wa tope wanakipenda mno. Wanajenga humo, wewe unawasha Agosti, maji hayatemwi, unadhani impela, ile feni ya pampu ya maji, imekufa na unaanza kufumua mashine nzima.

Ndugu zangu, tuambiane ukweli. Tunapata laki za kununua rili na fimbo, tunaagiza chambo bandia mpaka nje ya nchi, halafu sili mbili za trela tunaona ni gharama. Tunapiga picha na kuhe mkononi, hatupigi picha na grisi mpaka kwenye viwiko. Mwanaume unavuta chombo chenye uzito ule kwenye mteremko wa watu, watoto wa wenzio wanavuka barabara, nawe hujui beringi yako ina hali gani kwa sababu umemwachia fundi. Fundi ana watoto wake wa kuwawazia. Mpe kazi ya kuchomelea, maana umeme wa kuchomelea huna, lakini habu fungua mwenyewe, au simama pale pale aone macho yako na akukabidhi zile za zamani mkononi. Agosti hii boti yangu imeingia majini siku ya kwanza ya ziwa kufunguliwa, wakati wenzangu wako kwenye foleni ya gereji, na sioni haya kusema nilijisikia fahari. Nilistahili.

Sasa wewe wa Ujiji. Usiendelee kuliburuza hilo tairi, utaua na ekseli. Weka jeki hapo hapo lilipo, fungua pande zote mbili, hata ule unaozunguka, kwa kuwa maji yaliingia kote. Ukishafunga mpya, vuta trela bila boti mpaka Mwanga na kurudi, simama, shika kila habu kwa kiganja. Uvuguvugu hauna shida. Ikikuchoma kiasi cha kutoa mkono, umekaza nati kupita kiasi, ifungue uanze upya. Na siku ya kushuka ziwani ukifika usikimbilie kurudisha nyuma: pakia vitu, jaza petroli, salimiana na watu, mpaka habu zipoe ndipo uziingize majini.

Beringi ya ndani ya kushoto usiitupe. Ipige picha unitumie, nataka kuona rangi yake.