"Match" ya kiberiti na "match" ya mpira: ni neno moja?

Swali: Naandaa somo la msamiati. "Match" ya kuwashia moto na ile ya uwanjani ni neno moja lenye maana nyingi, au ni maneno mawili? Na rangi zinazo-"match" ziko upande gani?

Jibu: Ni maneno mawili yaliyokutanishwa na tahajia; homonimia (maneno tofauti yanayofanana umbo), si polisemia (neno moja lenye maana nyingi).

La uwanjani na la rangi ni moja. Asili yake ni "gemæcca" la Kiingereza cha Kale: mwenzi, mume au mke, mmoja wa jozi. Hapo likapata maana ya mtu wa kiasi chako, anayekuweza, kisha pambano la wanaowezana, ndiyo mechi yetu.

La kiberiti limetoka Kifaransa cha Kale, "meche", utambi wa taa. Hata leo Mfaransa huita utambi "mèche". Likahamia kwenye bunduki na mizinga: kamba iliyotiwa dawa iungue polepole, ambayo ncha yake iligusishwa baruti. Likatumika pia kwa vijiti vilivyochovywa salfa, ambavyo havikujiwasha. Vilitaka moto wa kuvishikisha. (Na kiberiti chetu, kwa Kiarabu, ni hiyo hiyo salfa.) Kijiti cha kusugua kilianza kuuzwa 1827 na John Walker, mfamasia wa Stockton-on-Tees, Uingereza. Kwa hiyo ukiikuta "match" mkononi mwa askari wa karne ya 17, ukatafsiri "njiti ya kiberiti", umekosea. Andika "utambi".

Kujihakikishia, tumia kamusi kubwa inayoonyesha asili za maneno. Homonimu hupewa vidahizo (maneno yanayoorodheshwa na kufafanuliwa) tofauti vyenye namba ndogo, kama kamusi zetu zinavyotenganisha kaa wa baharini na kaa la moto. Baadhi ya kamusi za wanaojifunza Kiingereza hurundika maana zote chini ya kidahizo kimoja, na nadhani mkanganyiko mwingi huanzia hapo. Usiamue kwa umbali wa maana peke yake: mwenzi na mechi ziko mbali, lakini mnyororo wake haujakatika.

Kwa zoezi, wape wanafunzi "matchbox" na "matchless" wazipange. La pili ni "asiye na kifani", si aliyeishiwa njiti. "Matchmaker" liache mwisho: leo ni mshenga, ila zamani aliitwa hivyo pia mtengeneza viberiti, kwa hiyo muktadha ndio utakaoamua.