Mama na supu ya Gare de l'Est

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Je, chakula cha Kifaransa ni cha wenye fedha tu?" Nasema hapana, na shahidi wangu ni mama yangu mzazi.

Mama ameuza supu karibu na stendi ya mabasi Morogoro kwa zaidi ya miaka 20. Alipokuja kunitembelea Paris mwaka 2022, wenye mgahawa wa Bouillon Chartier walikuwa wamefungua tawi jipya, linatazamana na stesheni ya treni ya Gare de l'Est. Alishanionya mapema: "Mwanangu, usinipeleke kwenye sahani kubwa chakula kiduchu." Nikampeleka hapo.

Tulipanga foleni. Ndani tukaketishwa meza moja na watu tusiowajua, tumebanana kama kwenye benchi lake kule nyumbani. Wahudumu, vizibao vyeusi na aproni nyeupe ndefu, walipita mbio na sahani zimepangana mkononi. Mama aliwatazama hao kuliko alivyotazama menyu. Tukaanza na yai la kuchemsha lenye mayonezi, ambalo halikufika hata yuro 3, halafu ikaja bœuf bourguignon, ng'ombe aliyepikwa kwa mvinyo mwekundu, karoti na vitunguu. (Asiyetumia mvinyo au nguruwe asiagize hiyo, maana kwa kawaida hutiwa vyote viwili.)

Mama aliigusa nyama kwa uma, ikaachana yenyewe. Akaonja mchuzi, akanyamaza, akaonja tena.

"Hii siyo steki," akasema. "Hii ni nyama ngumu iliyobembelezwa."

Hakuna aliyekuwa amemweleza, na alikuwa amesema kweli. Bourguignon hupikwa kwa nyama ya bega, ya shavu, ya muundi, sehemu za mnyama zilizofanya kazi sana, na huachwa kwenye moto mdogo saa tatu au zaidi mpaka zilegee. Na bouillon maana yake ni mchuzi wa supu. Katika miaka ya 1850 muuza nyama mmoja wa Paris, Baptiste-Adolphe Duval, alikuwa akibakiwa na vipande ambavyo wateja wenye uwezo hawakuvitaka. Akavichemsha, akawauzia wafanyakazi wa soko la Les Halles, bakuli la moto kwa bei ya mtu wa kibarua. Wengine wakamwiga. Chartier wenyewe walianza mwaka 1896, na katika ukumbi wao wa kwanza, mtaa wa Faubourg-Montmartre, bado zipo droo ndogo ambamo wateja wa kila siku waliweka vitambaa vyao vya kufutia mikono. Hata neno restaurant, huko Paris ya karne ya 18, lilikuwa jina la supu ya kumrudishia mtu nguvu kabla halijawa jina la mahali pa kulia. Nilipomwambia hayo, Mama aliweka kijiko chini. Wateja wake wakubwa ni madereva waliokesha barabarani, na wanakuja kwake kwa sababu hiyo hiyo.

Ipo migahawa ya Kifaransa ambayo mlo wake mmoja unamaliza mshahara wangu wa wiki. Sijawahi kuingia humo na siisemi vibaya. Ila inaniuma watu wetu wanapopita nje ya mahali kama Chartier wakidhani hapawahusu, ilhali pamejengwa juu ya kazi ambayo mama zetu wanaijua tangu alfajiri: kuchukua kipande kilichodharauliwa na kukipa muda.

Mhudumu alituandikia hesabu kwa kalamu palepale juu ya karatasi iliyotandikwa mezani. Mama akaivuta karibu, akapitisha kidole mstari kwa mstari, midomo ikichezacheza kama anapofunga hesabu za jioni.

"Imetimia," akamwambia yule kijana kwa Kiswahili, na kijana akaitikia kwa kichwa.