Re: Niende Kilimanjaro mwezi gani nikute theluji?

Mkuu, umesema likizo yako ni Agosti, na kwa kuwa ndiyo miezi ya baridi unategemea theluji tele kileleni. Wengi huchanganya hapo. Julai na Agosti baridi ipo kweli, lakini ni kiangazi: hewa ni kavu, na bila unyevu theluji haianguki. Kati ya Stella Point, kituo cha ukingoni mwa kreta (mita 5,756), na kilele chenyewe, Uhuru (5,895), utaona mabonge ya barafu ya zamani pembeni, ila njia yenyewe mara nyingi ni vumbi na kokoto.

Theluji hufuata mvua. Masika, Machi hadi Mei, huleta nyingi, ila utailipia kwa matope msituni na ukungu siku nzima. Mimi ningeshauri mwanzoni mwa Januari, vuli ikiwa imetoka kuisha na anga linaanza kufunguka. Uhakika hakuna: jua la kule ni kali, na hewa kavu huigeuza theluji mvuke bila hata kuyeyuka, kwa hiyo iliyoanguka juzi inaweza isikusubiri.

Usiku wa kupanda kileleni joto hushuka mpaka nyuzi 10 chini ya sifuri, pengine 20. Chupa ya maji ipakie kifuniko kikiwa chini, maana maji huanza kuganda juu. Ule mrija wa kunyonyea maji kutoka mfuko wa mgongoni usiutegemee, huziba mapema. Simu iweke mfuko wa ndani, baridi humaliza chaji. Na miwani ya jua usiache. Theluji mpya huunguza macho.