Freiburg nitakula wapi bila kumaliza hela?

SWALI: Shikamoo dada. Nimepata nafasi ya masters ya misitu Freiburg, Ujerumani, naondoka mwisho wa mwezi wa tisa. Hela ya kujikimu ipo ila ya kubana, huku nimezoea kwa mama ntilie, wali maharage unashiba unaendelea na kazi. Kule nitakula wapi? Na wenzangu wakisema twende tukanywe niende? Pombe situmii, kitimoto sili, naogopa kuja kuangushiwa bili ya meza nzima. – Kijana wa Mafinga

JIBU: Marahaba mdogo wangu, hongera sana, toka Sao Hill mpaka Schwarzwald, msitu wa huko Freiburg, yani unahama msitu kwenda msitu. Mchana kula Mensa, ndo kantini ya wanafunzi, ile ya Rempartstraße iko katikati ya mji kabisa. Unaweka hela kwenye kadi yako ya chuo unalipa nayo, na mwanafunzi analipa kidogo kuliko mgeni kwa hiyo kadi usiisahau. Chakula kisicho na nyama kipo kila siku. Pale sokoni uwanja wa kanisa kuu utaona watu wamepanga foleni ya soseji ndefu nyekundu kwenye mkate, Lange Rote, wewe ipite tu maana ina kitimoto.

Kutoka na wenzako nenda, tena usikatae, urafiki wa kule unaanzia hapo. Bili isikutishe, huku kwetu aliyekualika ndo analipa lakini kule wanafunzi kila mtu na chake na hamna anayeona vibaya. Mhudumu atauliza "zusammen oder getrennt?", pamoja au mbalimbali, jibu getrennt, anakupigia hesabu yako mwenyewe hapohapo mezani. Ikija euro 4.60 unampa noti ya 10 unamwambia "5", anarudisha 5, hizo senti 40 ni tipu yake umemaliza. Tembea na keshi kidogo, sehemu nyingine ndogo kadi hawapokei.

Kwa asiyekunywa kuna Apfelschorle, juisi ya tofaa na maji ya gesi, tamu sana na hakuna atakayekushangaa. Ila maji ya mgahawani ni ya kulipia na mara nyingi yana gesi, ya kawaida omba "still". Nyumbani kunywa ya bomba bila hata kuchemsha. Wakigonganisha glasi wanaangaliana machoni, usiinamishe macho kama unasalimia wazee. Jioni za joto wanafunzi wanakaa chini tu uwanja wa Augustinerplatz na vinywaji vya dukani, hiyo ndo bei rahisi kuliko zote, na chupa ya plastiki ya kutumika mara moja au kopo usitupe, ukirudisha kwenye mashine ya supamaketi unarudishiwa senti 25 zako ulizolipa wakati wa kununua.

Usiku jipikie. Unga wa sembe utafute maduka ya Waafrika, na shopingi fanya Jumamosi maana Jumapili maduka karibu yote yamefungwa.