Kwa Wanaoanza Kusafirisha Kwadi: Uzito Ukae Wapi?

Kila msimu wa wageni unapokaribia, wenye kwadi, zile pikipiki za magurudumu manne, huko Diani huajiri vijana wapya, na kila msimu vijana hao hurudia makosa ya waliowatangulia, kwa bidii ileile na kwa kujiamini kulekule. Juzi nimewakuta watatu wakiipandisha kwadi ya kilo mia tatu kwenye tela kwa mbao mbili za mjengo, mmoja ameikalia bila helmeti na wawili wamesimama nyuma yake, mahali hasa ambapo ingeangukia kama ingepinduka. Waliponiona nikija mbio walidhani ninakuja kuwasaidia kusukuma. Haya ninawaandikia wao, pamoja na yeyote atakayetumwa Voi, Naivasha au Nanyuki akiwa na mzigo kama huo nyuma ya gari.

1. Kwadi haivutwi kwa kamba barabarani. Magurudumu yake hujazwa upepo kidogo mno, aghalabu psi tano hadi saba, kwa kuwa yametengenezewa mchanga na matope, na yakizungushwa kwa mwendo wa lami hupata moto. Kwadi nyingi za gia ya mkanda zina onyo la mtengenezaji dhidi ya kuvutwa kwa kasi, na sijui ni kwa nini onyo hilo hubandikwa mahali ambapo hakuna kijana anayetazama. Ikizimika ufukweni, ivuteni polepole hadi kwenye tela, basi.

2. Pikapu inafaa, ila muipime kwanza. Hilux ya milango minne ina bodi ya nyuma yenye urefu wa mita moja na nusu hivi, ilhali kwadi kubwa ya kazi hupita mita mbili. Maana yake ni kwamba magurudumu ya nyuma yatakaa juu ya mlango wa bodi uliofunguliwa, unaoning'inia kwa nyaya mbili, na nyaya hizo hazikuwekwa kwa ajili ya mzigo unaorukaruka juu ya kila tuta kutoka Mariakani hadi Mlolongo. Pikapu ya milango miwili yenye bodi ndefu ni jambo jingine, na kwa safari ya kwadi moja mimi huichagua hiyo kabla ya tela, kwa sababu gari lisilovuta kitu haliwezi kusukumwa na kitu. Zile fremu zinazochomekwa nyuma ya gari na kubaki zikining'inia ziacheni kwa baiskeli: kilo mia tatu zikikaa mbali nyuma ya ekseli huinyanyua pua ya gari, na usukani huwa mwepesi kuliko inavyopasa. Na Probox, licha ya sifa zake zote, iacheni ibebe miraa.

3. Kwa kwadi mbili au zaidi, chaguo ni tela, na hapa sina budi kukaa kidogo, kwa kuwa tela ndiyo iliyonifundisha kazi hii kwa fimbo.

Tulikuwa na kwadi mbili za kupeleka. Moja ilikuwa kubwa, ya kilo mia tatu na ushei, ya mteja mwenye shamba karibu na Voi. Nyingine ilikuwa ya michezo, isiyofika kilo mia mbili, iliyokuwa ikiendelea hadi Nairobi. Tela ilikuwa ya ekseli moja na haikuwa na breki zake. Kwa kuwa ile kubwa ingeshushwa kwanza, niliona ni akili iingie mwisho na kukaa nyuma kabisa, ili tukifika Voi tusisumbuke kuitoa ndogo. Niliueleza mpango huo mbele ya dereva na utingo kwa sauti ya mtu aliyepanga makontena ya bandari nzima. Utingo akaushika mkono wa tela, ule mtaimbo wake wa mbele, kwa mkono mmoja, akaunyanyua, akauweka juu ya tufe la chuma lililo nyuma ya gari la kuvutia tela, na kucheka: "Mzee, leo tela nyepesi!" Nikacheka naye.

Wepesi ule ulikuwa ndio ugonjwa wenyewe. Mkono wa tela unatakiwa kulilemea gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela pamoja na mzigo wake. Jumla yetu ilikaribia kilo 800, kwa hiyo pale mbele palitakiwa pawe na kilo 80 au zaidi, na kilo 80 haziinuliwi kwa mkono mmoja na mtu anayecheka. Kwadi kubwa iliyokaa nyuma ya ekseli ilikuwa inaunyanyua mkono wa mbele, na tela iliyolemewa mkia hungoja kisingizio tu ianze kuyumba.

Kisingizio kilikuja tulipokwisha kuipita Mackinnon Road. Tulikuwa tumechelewa, dereva alikuwa anaikaribia kilomita mia kwa saa, na palikuwa na mteremko mdogo. Basi likatupita kwa kasi. Upepo wake uliisukuma tela kando, kisha ukaivuta tena, na kuanzia hapo haikutulia. Niliiona taa ya ile kwadi kubwa ikijitokeza katika kioo cha kushoto, ikapotea, ikajitokeza katika kioo cha dereva, kisha ikarudi kwangu kubwa zaidi. Ndipo nilipoongeza kosa la pili juu ya la kwanza: nilipiga kelele nikimwambia dereva afunge breki. Akafunga. Gari lilipunguza mwendo, lakini tela isiyo na breki haikupunguza. Ikatusukuma kwa nyuma, ikatugeuza, na tukaingia kichakani tukiwa tumeelekea tulikotoka. Lori lililokuwa likija upande wa pili lilikuwa bado mbali, na hilo ndilo lililotuokoa, wala si ujuzi wa yeyote kati yetu. Kwadi kubwa ilikuwa imelala ubavu, usukani umepinda, petroli inachuruzika mchangani. Utingo alikaa kando ya barabara bila kusema neno kwa muda mrefu, naye alikuwa kijana wa maneno mengi. Usukani mpya ulikatwa katika mshahara wangu, na nilistahili.

Kwa hiyo: kwadi nzito ikae mbele, uzito mwingi uwe mbele kidogo ya ekseli, hata kama mtalazimika kushusha na kupakia upya njiani. Msiukisie uzito wa mkono. Chukueni mizani ya kupimia watu, wekeni juu yake kipande cha mbao kinachofikia kimo cha tufe, ulazeni mkono wa tela juu yake na kusoma. Kisha hakikisheni hauzidi kiwango ambacho gari lenyewe linaruhusiwa kubeba pale nyuma, kwa kuwa kuzidisha nako ni kosa. Tela ikianza kuyumba, dereva aondoe mguu kwenye mafuta, aushike usukani ukiwa umenyooka na kuiacha itulie yenyewe. Asifunge breki za gari na asijaribu kuikimbia. Kama tela ina breki zinazoweza kubonyezwa peke yake, hizo ndizo za kutumia. Ulaya tela isiyo na breki hairuhusiwi kuzidi kilo 750 pamoja na mzigo, na mimi siku hizi naufuata mpaka huo hapa kwetu bila kungoja polisi. Mkipiga hesabu mtaona kwamba kwadi mbili kubwa na tela yake tayari zimeuvuka.

4. Tufe na kikombe cha tela, kile kinacholifunika tufe kwenye ncha ya mkono, vilingane. Tufe la inchi 1 na 7/8 huingia bila shida katika kikombe cha milimita 50, na tofauti yake haifiki hata milimita tatu, lakini likikutana na tuta kubwa linaweza kuchomoka. Kipimo mara nyingi kimechongwa juu ya tufe lenyewe. Futeni grisi msome. Mkishafunga, pandisheni mkono wa tela kwa jeki yake mpaka sehemu ya nyuma ya gari inyanyuke kidogo: kikombe kikibaki kimeng'ang'ania, kimeshika kweli. Minyororo ya usalama ipishane chini ya mkono wa tela, ili ukichomoka udakwe usichimbe lami.

5. Mipira ya tyubu ni ya bodaboda kufungia kreti za soda. Inavutika, na kwadi iliyofungwa kwa kitu kinachovutika hujifungua yenyewe kidogo kidogo. Tumieni mikanda ya racheti, minne kwa kila kwadi, kila mmoja ukijitegemea, na msome uzito wa kazi ulioandikwa kwenye lebo badala ya ule mkubwa wa kukatikia ambao muuzaji atawaonyesha kwanza. Miongozo ya kufunga mizigo ya Ulaya na Australia inataka mzigo uzuiwe kwenda mbele kwa nguvu ya asilimia 80 ya uzito wake, na kwenda pembeni kwa asilimia 50. Kwa kwadi ya kilo 300 hizo ni kilo 240 zinazotaka kuingia katika kiti chako cha nyuma kila unapofunga breki za ghafla. Ndoano zishike fremu, kamwe zisishike kile kichanja cha kubebea mizigo, ambacho hupinda. Breki ya kuegeshea iwashwe, gia iingizwe, na yenye kabureta ifungwe koki ya petroli. Kisha simameni Mazeras mkaze tena, kwa kuwa mikanda hulegea mwanzoni mwa safari kuliko popote.

6. Mnapopakia, rampu zifungwe kwenye tela kwa mnyororo, kwani magurudumu ya nyuma huzirusha. Penye winchi, tumieni winchi. Nyuma ya kwadi asisimame mtu, na hili sitalisema tena kwa upole.

7. Njiani. Kwenye feri ya Likoni maji yakiwa yamekupwa, mteremko huwa mkali, hivyo kigurudumu cha jeki kipandishwe mpaka mwisho, la sivyo mtakiacha hapo; nimeviona vingi. Mkishuka bondeni kuelekea Mai Mahiu, shukeni kwa gia ndogo tangu juu, msingoje breki zianze kunuka. Kila mnaposimama, gusa kitovu cha kila gurudumu la tela kwa mgongo wa mkono: kimoja kikiwa cha moto kuliko mwenzake, beringi inalia. Namba ya tela inayoanza na Z isomeke, na taa zake zote ziwake.

Mkifika, shusheni kwadi kwanza na mfungue tela baadaye. Tela iliyokwisha kuachana na gari, kwadi inaporudi nyuma kupita ekseli, huunyanyua mkono wake wa mbele kwa ghafla, na kwa kawaida hapo pana kijana ameinama akitafuta pini.