Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Wasiachane Tu?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninaandika hadithi ya mapenzi ya kuchekesha, ya Uingereza ya zama za Rejensi, na kila Jumamosi baada ya soko huwasomea akina mama wenzangu sura moja. Lodi mmoja aliyezama katika madeni anamwoa binti wa mfanyabiashara kwa makubaliano: fedha za binti zitalipa madeni, binti atapata cheo, na baada ya mwaka mmoja kila mtu atashika njia yake. Wasikilizaji wangu wanasema hadithi haina wasiwasi wowote, kwa kuwa mwaka ukiisha wataachana tu, na wanauliza kicheko kitatoka wapi kwa watu wasiopendana. Je, niiache?
Msomaji, Kiboriloni, Moshi

JIBU: Marahaba, binti yangu. Usiiache, ila rekebisha hayo makubaliano ya mwaka mmoja, kwa sababu hapo ndipo wenzako walipokushinda. Wao wanaipima ndoa hiyo kwa Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo inaruhusu mahakama kuivunja ndoa iliyoharibika kiasi cha kutorekebishika, na ambayo haimnyang'anyi mke mali yake kwa sababu tu ameolewa. Lodi wako aliishi katika hizo zama za Rejensi, kati ya 1811 na 1820, wakati mwanamfalme alipotawala kwa niaba ya baba yake mgonjwa, na katika Uingereza ya siku hizo talaka iliyomruhusu mtu kuoa tena ilipatikana kwa sheria maalumu ya Bunge, kwa gharama ambayo mwenye madeni asingeweza hata kuiota. Mahakama ya kawaida ya talaka ilikuja kwa sheria ya mwaka 1857. Usikimbilie pia hila inayopendwa na waandishi wengi, kwamba ndoa itabatilishwa kwa kuwa wawili hao hawajalala pamoja. Hilo peke yake halikutosha, bali ilibidi ithibitishwe kwamba mmoja wao hana uwezo wa tendo la ndoa, na sidhani kama lodi wako angekubali kuthibitishiwa jambo hilo mbele ya watu. Kwa hiyo wakishafunga ndoa, wamefungana kweli, na wasiwasi ambao wenzako wanautafuta unaanzia hapo.

Harusi yenyewe ipitie upesi. Akina mama wa Moshi wanayajua matangazo ya Jumapili tatu kanisani, na Uingereza nako yalikuwapo. Asiyetaka kutangazwa alikata leseni, na ndoa ya kawaida ilifungwa kati ya saa mbili asubuhi na saa sita mchana.

Kicheko kitafute kabla ya harusi, kwenye mkataba wa mali. Mke akiolewa, fedha zake zilikuwa za mume, na hali hiyo haikubadilishwa kwa ukamilifu hadi 1882. Ndiyo maana familia zenye uwezo ziliwaita wanasheria mapema ili sehemu fulani ilindwe. Unajua jinsi mshenga na wazee wanavyoketi mbele ya mbege, kila neno likipimwa, huku wahusika wenyewe wakiwa kimya? Wewe wape wahusika wako sauti. Mkataba ulitaja fedha za mke za matumizi ya kila mwaka, na ulitaja pia atakacholipwa akifiwa na mume. Hebu fikiria binti huyo, akiwa makini na mwenye adabu zote, akimwuliza mwanasheria atapata kiasi gani lodi akifa, na lodi mwenyewe ameketi mbele yake, mzima wa afya, akinywa chai. Kisha lodi, kwa uungwana, anapendekeza kiasi hicho kiongezwe. Hapo akina mama watacheka, na watakuwa wameshaanza kumpenda lodi kabla bibi harusi mwenyewe hajampenda.

Jambo la mwisho ni namna wanavyoitana. Usiweke neno "mpenzi" katika sura za mwanzo, wala usimfanye binti amwite mumewe Baba Fulani kama tufanyavyo sisi, kwa kuwa mtoto hayupo bado. Wanandoa wa tabaka hilo waliweza kuitana kwa vyeo hata wakiwa peke yao mezani. Basi amwite Mheshimiwa akiwa na hasira, Mheshimiwa akiomba chumvi, Mheshimiwa akimwuguza homa, hadi usiku mmoja jina lake la ubatizo limponyoke, naye lodi aangushe kijiko.