Khocha amempa mwanangu Bitcoin badala ya mtamba

Salamu kwako Shangazi,

Mwanangu alipashwa tohara Agosti 2024 akiwa na miaka 13. Kwetu Bungoma unayajua mambo ya khocha, yaani mjomba wa mtoto. Kaka yangu mkubwa alichinja fahali, akamvika kijana nyama shingoni kama inavyotakiwa. Kaka yangu mwingine, aliye Minneapolis, alikuwa ameahidi mtamba, na sisi tulishapanda nyasi za nepia za kumlisha. Siku ya sherehe akapiga simu ya video, akasema ng'ombe hufa, kwa hiyo amemnunulia mpwa wake Bitcoin, ile sarafu ya mtandaoni, ya dola 500. Akasoma maneno 12 ya Kiingereza, moja baada ya jingine, na kijana akayaandika kwenye daftari lake la hesabu huku wageni wakisikiliza.

Upande wa mume wangu walinuna. Shemeji alisema khocha amemtunza mtoto kwa hewa. Disemba ile hewa ikawa shilingi laki moja na ushei, wakanyamaza. Oktoba 2025 ikakaribia shilingi 135,000, na mume wangu akaanza kuulizia. Sasa kijana anaingia gredi ya 10, na baba yake anataka tuuze yote tulipe karo. Kaka anasema tukigusa hata senti moja, asisikie tena tukimwomba kitu. Kijana mwenyewe halali. Saa saba usiku namkuta chini ya blanketi anatazama bei. Juzi nimegundua alipiga picha ule ukurasa wa daftari, akamtumia rafiki yake aliyemwambia kuna kikundi cha Telegram kinachozidisha sarafu mara mbili. Nimeangalia, bado zipo. Nifanye nini? Na je, nilikosea kumruhusu mtoto apewe kitu kama hiki?

Dadake Khocha, Kanduyi

*

Dadake Khocha, mwanangu,

Mambo ya mume na kaka yatangoja. Leo hii, kabla hujabandika sufuria ya ugali, hamisha hizo sarafu.

Barua yako niliisoma mara mbili, kisha nikampelekea mpwa wangu anayetengeneza simu Kondele, hapa Kisumu. Alipofika pale kwenye maneno kusomwa mbele ya wageni, aliweka bisibisi chini. Akanionyesha kwa simu yake. Alifungua pochi mpya, yaani programu ya kutunzia Bitcoin, na maneno 12 yalipotokea kwenye kioo alinigeuzia mgongo kabisa, mimi shangazi yake niliyembeba, kama mtu anayebonyeza namba ya siri ya M-Pesa kwenye foleni. Ndipo nikaelewa. Maneno hayo huchaguliwa kutoka orodha ya maneno 2,048, na yakishapangwa kwa mfuatano wake, yeye aliye nayo ndiye mwenye pesa. Hayaulizi kitambulisho, na hayajui nani alipashwa tohara Kanduyi. Aliyeyanakili siku ile, au aliyeiona picha ya daftari, anaweza kuzichukua sarafu akiwa kitandani kwake Webuye, na hakuna wa kumpigia simu. Ukikosea kutuma M-Pesa unapeleka ujumbe 456 na kuomba urudishiwe. Bitcoin haina 456.

Kwa hiyo, kufuta ile picha hakutoshi. Maneno hayo yameshachafuka. Weka programu ya pochi kwenye simu yako wewe, si ya kijana, na uitafute mwenyewe kwenye duka la programu, usifuate kiungo cha kutumiwa na mtu. Yatatokea maneno mapya. Yaandike kwa kalamu, mlango umefungwa, simu nyingine zote ziwe nje ya chumba. Kisha kutoka pochi ya zamani tuma kiasi kidogo kwenda ile mpya. Kikifika, tuma kilichobaki. Kuna ada ya mtandao itakayokatwa, ilipe tu. Kaka yako anaweza kukuongoza kwa simu ya video kwa kuwa anaujua mtandao huo kuliko sisi, ila kamera isikaribie karatasi. Na yeyote atakayewaambia mwandike maneno hayo mahali fulani ili pochi "ithibitishwe", awe rafiki wa mtoto, kikundi cha Telegram au mtu mwenye tai anayejiita huduma kwa wateja, huyo ni mwizi. Cha kuzidisha mara mbili hakipo.

Karatasi ziwe mbili, kila moja na maneno yote 12. Moja ikae na vyeti vya kuzaliwa, nyingine ikae nyumba tofauti. Usicheke. Mimi niliwahi kufungua sanduku la bati nikitafuta cheti changu cha darasa la nane, nikakuta udongo mwekundu na kipande cha muhuri. Mchwa walikuwa wamepita chini. Vyeti huombwa upya. Haya maneno hayana ofisi ya kuyaomba upya.

Ulishafanya? Basi tuzungumze.

Nikiwa mtoto kule Shinyalu, kukhu, yaani nyanya yangu, alinipa kuku jike, mweusi mwenye madoa meupe kama kanga. Kila asubuhi nilikuwa wa kwanza bandani kumtazama, kama huyo kijana wako na bei zake. Alipotaga nikataka mayai niyauze kwa mwenye kibanda ninunue mandazi. Kukhu akaniambia, "Kuku ni wako, lakini mlango wa banda ni wangu." Alilalia, akaangua vifaranga tisa, mwewe akachukua watatu. Jogoo wawili walipokua, kukhu aliniita, akaniketisha kwenye kigoda na kuniuliza kama tuwauze ninunuliwe begi la shule. Aliniuliza, mwanangu. Angeweza kuwauza tu, mimi ningefanya nini? Nikakubali, na begi lile nililibeba mpaka kamba zikakatika.

Hapo ndipo kaka yako alipoteleza, si kwenye kuchagua Bitcoin. Angeleta mtamba, asingemkabidhi mtoto wa miaka 13 kamba na kuondoka. Angesema mbele ya wazee atalala zizi la nani, nani atamkamua, ndama wa kwanza ni wa nani. Zawadi ya mtoto huja na mchungaji wake. Hii ilikuja bila mchungaji, ndiyo maana kila mtu sasa anavuta kamba.

Na jambo jingine hamkuliona. Kaka yako ndiye aliyefungua pochi ile, na ndiye aliyeyasoma maneno. Maana yake muda wote huu na yeye angeweza kuzihamisha akitaka. Simsemi vibaya, wala sidhani aliwaza hivyo. Lakini mtu anayeshika ufunguo wa zizi, halafu akiwa Minneapolis anawatishia wenye nyumba kwamba wasiguse, bado hajatoa. Sasa kwa kuwa umehamishia pochi mpya, ufunguo ni wako, na una nafasi ya kupanga upya. Ukimwamini, ile karatasi ya pili mpe kaka yenu mkubwa aliyechinja fahali, ndani ya bahasha iliyofungwa kwa gundi na kutiwa saini juu ya mshono. Yeye yuko karibu, ni khocha pia, na wewe ukipatwa na jambo mtoto hatapoteza mali kwa sababu mama aliondoka na siri. Wa Minneapolis aambiwe wazi kwamba mchungaji ni wewe hadi kijana atimize miaka 18. Hata kisheria mambo yako hivyohivyo: kampuni za kununua na kuuza sarafu hizi hutaka kitambulisho, na mtoto wa miaka 15 hana.

Sasa mume wako. Nitasema neno ambalo hatalipenda. Karo si mzigo wa mtoto. Katiba yetu, kifungu cha 53, imewapa baba na mama wajibu ulio sawa wa kumtunza mtoto, na sijaona mahali ilipoandikwa kwamba khocha akimtunza mpwa wake, baba anapumzika. Angekuwa mtamba, je, baba angemuuza wiki ya kwanza ya muhula bila kumwambia mwenye ng'ombe? Najua wengine wangefanya hivyo, lakini angalau wangeona haya.

Hata hivyo simwambii afe na njaa akilinda sarafu. Kama kweli vifaa vya shule vimepungua, na mmeshatikisa chama na kila mfuko, muitane na kijana mezani, mumwonyeshe orodha na bei, mumuulize. Mtamba huwezi kuuza paja akabaki amesimama. Bitcoin unaweza: moja hugawanyika mara milioni 100, na vipande hivyo huitwa satoshi. Uzeni robo, ibaki robo tatu. Mnunuzi akituma pesa kwa M-Pesa, usiachilie sarafu kwa sababu ya ujumbe ulioingia kwenye simu. Ujumbe huandikwa na yeyote. Angalia salio lenyewe.

Mwambie pia mume wako kuhusu ushuru, maana atauliza. Ile asilimia 3 ya thamani nzima iliyoanza kutozwa Septemba 2023 iliondolewa katikati ya 2025. Kilichowekwa mahali pake ni asilimia 10 ya ile ada anayotoza mtoa huduma. Na kuna sheria mpya ya mali za kidijitali iliyotiwa saini Oktoba 2025, inayoipa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji kazi ya kuwapa leseni na kuwasimamia wafanyabiashara wa sarafu hizi. Ni hatua nzuri. Miaka kumi nyuma, Disemba 2015, Benki Kuu hiyohiyo ilikuwa ikituonya tu tukae mbali. Ila hakuna sheria itakayokurudishia maneno uliyopoteza wala bei iliyoanguka.

Na bei huanguka, msidanganyane. Kaka yako anasema ng'ombe hufa. Ni kweli, ndigana imemaliza mitamba mingi huko kwenu. Lakini Novemba 2021 Bitcoin moja ilikaribia dola 69,000, na mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya 16,000. Aliyempa mtoto dola 500 wakati ule alibaki na kama dola 115 akitazama. Hata hii yenu, baada ya bei ya Bitcoin moja kupanda Oktoba 2025 hadi dola 126,000, mwezi uliofuata ilikuwa imeshuka chini ya 90,000. Ndama hafanyi hivyo, hakui leo akawa fahali na wiki ijayo akarudi kuwa ndama. Kwa hiyo kaka akitaka kumpa mpwa wake mwingine, atume dola 100 za Bitcoin kama anazipenda, na zilizobaki azipeleke kwenye akaunti ya watoto ya Sacco. Huko hakuna wa kukesha akitazama.

Kijana ndiye anayeninyima usingizi mimi pia. Mtoto anayetazama bei saa saba usiku hatunzi mali, anacheza kamari ambayo bado hajaweka dau. Leo anatazama, kesho rafiki atamwonyesha jinsi ya kukopa juu ya ile aliyonayo ili abeti kama itapanda au itashuka, na hapo itayeyuka usiku mmoja. Toa ile programu ya bei kwenye simu yake. Usimpige wala usimwaibishe kwa ajili ya picha ile. Alichofanya ni kuamini rafiki, na mliomfundisha kwamba maneno yale husomwa hadharani ni ninyi wakubwa. Mnunulie daftari jipya, la kwake. Siku ya mwisho ya kila mwezi keti naye muangalie bei pamoja, aandike: tarehe, bei ya Bitcoin kwa dola, dola kwa shilingi, na hesabu ya sehemu yake. Akifika 18 atakuwa na kurasa mbili tatu za kupanda na kushuka zilizoandikwa kwa mkono wake, na utakapomkabidhi karatasi ya maneno, mkabidhi na daftari.

Ulikosea kumruhusu apewe? Hapana. Ulikosea kunyamaza simu ilipokatika siku ile, wageni wakiwa bado wanarudia maneno yale kwa kicheko.

Kuhusu shemeji yako na hewa yake, usimjibu. Lakini ile nepia mliyoipanda isizeeke shambani. Ikateni, mumuuzie jirani mwenye ng'ombe kwa mzigo, na pesa hiyo ni ya kijana.

Shangazi